Furushi Lisilo na Jina



Wapendwa wanaparokia, na ninyi nyote mnaofuatana nasi kila juma katika tafakari hizi,

Majuma mawili yaliyopita nilipokea barua kutoka kwa binti mmoja aliyelelewa katika parokia yetu, ambaye sasa anaishi na kufanya kazi Toronto, Kanada. Anasimulia kwamba kila mwezi wa Novemba, kabla theluji haijashika sawasawa, waumini wa huko hukusanyika ukumbini na kufungasha mifuko kwa ajili ya watu wasio na makazi. Humo hutiwa glavu, soksi nzito, kofia za sufu, blanketi, sabuni na chakula kisichoharibika. Mwishoni akaniuliza: "Padre, ninyi huko nyumbani mna bahati, hamna baridi ya kuua mtu. Je, kazi ya namna hii kwenu ina maana yoyote?"

Nilidhani ningemjibu kwa mistari miwili. Sikuweza, kwa sababu jibu la swali lake linalala barazani hapa jirani nasi, na lina historia ya zaidi ya miaka 100. Kwa kuwa juma hili tunamkumbuka Mtakatifu Martino wa Tours, na Dominika ijayo ni Siku ya Maskini Duniani, nimeona nimjibu mbele yenu nyote.

Kwanza nimwambie binti yangu kwa upole: umesahau mvua. Mji wetu hupata vuli kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Kisha huja kipupwe cha Juni hadi Agosti, ambapo usiku joto hushuka hadi nyuzi 19 hivi. Kwa mtu mwenye paa, hizo ni siku za kumshukuru Mungu; tunazima feni na kujivutia shuka. Lakini kwa mtu aliyeshinda juani akisukuma mkokoteni, akala mlo mmoja, akalala juu ya saruji iliyolowa akiwa na shati lililolowa, siku hizo ni za hatari. Aliyelowa usiku kucha hahitaji theluji ili apate nimonia.

Yeyote kati yenu aliyepita Kariakoo saa nne usiku, maduka yakishafungwa, anajua ninachokisema. Katika mitaa ya Kongo, Msimbazi na kuelekea Gerezani, maboksi hutandikwa mbele ya milango ya chuma. Hulala pale wabeba mizigo, wasukuma mikokoteni, vijana waliotoka mikoani wakitafuta riziki, wazee walioachwa, pengine mama na watoto wake. Wengi wao si wavivu. Mchana ndio wanaobeba mabunda ya vitambaa na magunia ya mchele tunayoyanunua. Usiku ndio wanaokosa mahali pa kuweka kichwa.

Hapa ndipo historia inapoingia, ndugu zangu, kwa sababu jina lenyewe la Kariakoo ni jina la wabeba mizigo.

Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Mahali hapa Wajerumani walikuwa wamekusudia pawe soko la wenyeji, na walikwisha anza jengo lake. Vita viliukatiza mpango huo. Waingereza wakapafanya kambi ya Carrier Corps, yaani Kikosi cha Wapagazi. Ulimi wa Kiswahili ukalichukua jina hilo la kigeni na kulifanya Kariakoo. Huko Nairobi jina hilohilo lilizaa mtaa wa Kariokor. Baada ya vita, katika miaka ya mwanzo ya 1920, soko lilifunguliwa hapa, lakini jina la kambi halikuondoka.

Kwa nini jeshi lilihitaji wapagazi wengi namna ile? Kwa sababu farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa kuumwa na mbung'o, na magari yalizama katika matope. Barabara za kusini hazikuwapo. Kila risasi, kila kopo la chakula, kila kipande cha mzinga kilisafiri juu ya kichwa au bega la Mwafrika. Inakadiriwa kwamba upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka nchi mbalimbali za Afrika, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu vijijini. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, na wengi wa hao hawakuandikwa mahali popote.

Watu hawa hawakufa hasa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, nimonia, malaria na njaa. Mvua za mwaka 1917 katika bonde la Rufiji zilikuwa kubwa kupita kiasi. Mto ukafurika, njia zikakatika, na mpagazi akalala katika maji akiwa na blanketi lililolowa, kama alikuwa nalo. Upande wa Waingereza, hesabu za kiserikali zinataja vifo vya wapagazi vinavyokaribia 100,000, na wanahistoria wengi wanaona kwamba idadi halisi ni kubwa zaidi. Nyumbani walikotolewa hali ilikuwa mbaya vilevile. Katika Ugogo, majeshi ya pande zote mbili yalichukua wanaume, nafaka na mifugo, na ukame ulipofika ikafuata njaa iliyoitwa Mtunya, ambayo katika miaka ya 1917 hadi 1920 iliua watu wapatao 30,000.

Mpagazi alipoandikishwa alipewa kipande cha chuma chenye namba, akivae mwilini. Kwa karani wa kambi, namba hiyo ilitosha kumgawia chakula, blanketi na mshahara. Lakini mtu alipokufa njiani na kipande chake kikapotea, au majina yalipoandikwa ovyo na mtu asiyeielewa lugha ya mwenzake, alipotea kabisa. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia wajane na wazazi wao. Fedha ile ilibaki mikononi mwa serikali ya Uingereza, na ilipoombwa itumike kwa faida ya watu waliotoa wapagazi, ilikataliwa.

Makaburi yao yako wapi? Ninyi mnaopita katikati ya mji mnaifahamu Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini juu yake amesimama askari mwenye bunduki, peke yake. Nairobi walau wamemsimamisha mpagazi pamoja na askari. Ama majina yao, mengi hayakuchongwa popote. Mwezi wa Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, waliokufa katika vita ile, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Basi kila tunaposema "naenda Kariakoo" tunawataja watu hao wote kwa pamoja, wala hatumjui hata mmoja wao.

Baada ya vita mji ulikua, na watu wakaendelea kuja. Nani aliwafunika wageni hao? Kuna majibu mawili katika historia ya mji wetu, na yanafaa yawekwe kando kwa kando.

Jibu la kwanza ni la wenye mamlaka. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ilitunga sheria juu ya mafukara. Mwaka 1944 ikatunga nyingine ya kuwaondoa mijini wenyeji walioonekana hawatakiwi. Watu walikamatwa, wakaitwa wahuni, wakarudishwa makwao. Baada ya Uhuru desturi hiyo haikukoma. Wenye umri wangu na zaidi wanaikumbuka operesheni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, ambapo waliokosa vitambulisho vya kazi walikusanywa na kupelekwa vijijini. Sisemi haya ili kumhukumu mtu. Viongozi wa nyakati zile walikuwa na hofu zao, na nchi ilikuwa katika dhiki kubwa. Nasema tu kwamba mara nyingi aliyelala nje alipelekewa lori kabla ya kupelekewa shuka.

Jibu la pili ni la watu wenyewe. Mgeni alifikia kwa ndugu, na asipokuwa na ndugu alifikia kwa mtu wa kabila lake. Vyama vya watu waliotoka sehemu moja vilimchangia aliyeugua na kumzika aliyekufa. Na ile nyumba ya Kiswahili iliyoijaza Kariakoo, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, ilikuwa na baraza mbele. Baraza lilikuwa la mwenye nyumba, lakini mpita njia aliyenyeshewa hakufukuzwa pale. Asubuhi aliamkiwa, akaulizwa ametoka wapi na ni mtoto wa nani. Nyumba nyingi za namna hiyo zimebomolewa, na mahali pake yamesimama maghorofa. Siyalaani maghorofa, yametoa kazi na biashara. Lakini ghorofa halina baraza. Lina mlango wa chuma na mlinzi, na mlinzi hamuulizi mtu ni mtoto wa nani.

Sasa nimgeukie Martino. Alizaliwa mnamo mwaka 316 katika nchi ambayo leo ni Hungaria, akawa askari wa Dola la Roma. Siku moja ya baridi kali, kwenye lango la mji wa Amiens huko Ufaransa, alimkuta maskini aliye karibu uchi. Watu walikuwa wanapita tu. Martino hakuwa na fedha, alikuwa na silaha zake na joho lake. Akalikata joho kwa upanga, akampa yule maskini nusu. Sulpicius Severus, aliyemjua na kuandika habari za maisha yake, anaongeza jambo ambalo mara nyingi tunaliruka. Baadhi ya waliosimama pale walicheka kumwona askari amevaa nusu ya nguo. Wengine waliguna kwa uchungu, kwa kuwa walikuwa na vingi kuliko yeye na wangeweza kumvika yule maskini bila kujivua chochote. Usiku ule Martino alimwona Kristo katika ndoto, amevaa ile nusu ya joho. Alikuwa bado mkatekumeni. Nusu iliyobaki ilihifadhiwa kwa heshima kubwa, na chumba kilipotunzwa vazi hilo ndicho kilicholipa jina neno kapela. Kila kikanisa kiitwacho kapela, basi, kimepata jina lake kutokana na nguo iliyogawanywa na maskini.

Martino alifariki mwaka 397, akazikwa Tours tarehe 11 Novemba, ndiyo maana twamkumbuka siku hiyo. Na ni tarehe hiyohiyo, mwaka 1918, ambapo silaha zilinyamazishwa huko Ulaya. Huku kwetu habari zilichelewa. Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha majeshi yake huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba. Kwa hiyo mkesha wa sikukuu ya mtakatifu aliyelikata joho lake, na hata siku nyingi baada yake, wapagazi wetu walikuwa bado njiani na mizigo vichwani.

Lakini tazameni, ndugu zangu: maskini wa Amiens naye hana jina. Tunajua jina la aliyetoa, hatujui jina la aliyepewa. Nisingeliona hilo kama lisingenigusa mimi mwenyewe. Niruhusuni nikiri kosa mbele yenu.

Masika ya mwaka jana, wengi wenu mlichangia mafurushi tuliyoyagawa usiku Kariakoo. Ilikuwa kazi njema, nami nilijisikia vizuri. Ili pasiwe na mtu wa kuchukua mara mbili, nilishauri kila furushi libandikwe namba, na katika daftari tuandike namba na kuweka alama ya vema. Tulimaliza kwa saa moja na nusu, kwa utaratibu mzuri, na tukarudi nyumbani kabla mvua haijaanza.

Majuma matatu baadaye, asubuhi, alikuja kijana mmoja msukuma mkokoteni. Alisimama mlangoni akivua kofia. "Shikamoo Padre," akasema. "Yule mzee wa pale kona hajaamka leo. Amejifunika blanketi lenu, ndiyo maana nimekuja kwenu." Nilikwenda. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Pembeni mwake palikuwa na mfuko wetu, na karatasi ya namba ilikuwa bado imebandikwa: 17.

Askari aliyekuja kuandika maelezo alinitazama kwa heshima, akaniuliza, "Baba, marehemu anaitwa nani?" Nilifungua daftari letu. Lilikuwa na namba 17, na mbele yake alama ya vema. Wenzake walimwita Babu tu. Mmoja alidhani alitoka upande wa Mahenge, mwingine alisema hapana, ni mtu wa Lindi. Mwili ulihifadhiwa, ndugu hawakupatikana, na baadaye ulizikwa kama wanavyozikwa wasio na wenyewe. Mahali fulani, yumkini, kuna dada au mtoto anayesema hadi leo kwamba yuko mjini na siku moja atarudi.

Nilikaa muda mrefu na daftari lile. Karani wa mwaka 1917 angeweza kusema kwamba ilikuwa vita, na watu walikuwa maelfu kwa maelfu. Mimi sikuwa na vita. Nilikuwa na watu wachache na usiku mzima, na nilikosa tu dakika tano za kuketi juu ya boksi na kusema, "Shikamoo mzee, mimi ni Padre wa hapa jirani. Mwenzangu unaitwa nani?" Nilimpa blanketi, na nilifanya vema kumpa. Ila nilimpa kama jeshi lilivyotoa, kwa namba.

Katika mifano yote aliyotoa Bwana wetu, maskini Lazaro aliyelala mlangoni pa tajiri ndiye mtu pekee aliyepewa jina. Tajiri hana jina. Duniani mambo huwa kinyume chake: jina la tajiri liko juu ya jengo, na aliyelala mlangoni haulizwi. Mungu anajua majina ya walio mlangoni, na anatutazamia nasi tuyajue.

Kwa sababu hiyo, mwaka huu tunabadili utaratibu wetu. Hayati Papa Fransisko alipoianzisha Siku ya Maskini Duniani mwaka 2016, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2017, alisisitiza kwamba maskini wasiwe watu wa kupewa tu, bali watu wa kukutana nao. Basi hatutaenda usiku mmoja kwa haraka. Tutakwenda mara nne, wawili wawili, na kila wawili watakuwa na watu wachache tu. Watasalimia kwanza, wataketi, watauliza jina na kwao ni wapi; asiyetaka kusema, asilazimishwe. Kwa anayekubali, tutaandika jina lake, mahali alikotoka na jina la ndugu mmoja wa kupewa habari. Daftari hilo litatunzwa ofisini kwangu, kwa siri, wala halitapewa mtu wa kuwasumbua.

Kuhusu vitu vyenyewe, tulijifunza mengi mwaka jana. Blanketi zito likilowa halikauki. Leteni blanketi jepesi au shuka la kimasai. Kipande cha turubai cha kulalia na kujifunika kina thamani kuliko nguo tatu. Leteni sweta za mitumba zilizofuliwa, ndala, soksi, sabuni, mswaki na dawa ya meno, taulo za kike kwa akina mama na mabinti, pamoja na pakiti za chumvi na sukari za kutibu upungufu wa maji. Kila kitu kitawekwa katika mfuko wa salfeti unaofungwa vizuri, kwa kuwa mwenye kulala nje hubeba nyumba yake mgongoni. Nawaombeni msilete nguo zilizochanika. Ikiwa wewe huwezi kuivaa kwenda sokoni, usimvike Kristo. WAWATA watapokea vitu ukumbini kuanzia Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi, vijana wa VIWAWA watafungasha, na ndugu wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo wataratibu safari za usiku. Tukimkuta mgonjwa tutampeleka hospitali, na tukimkuta mtoto tutawasiliana na ustawi wa jamii, si kumwachia furushi na kuondoka.

Najua wapo watakaosema kwamba tunawazoesha watu kulala nje. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka sura ya 22, inamwamuru aliyechukua vazi la maskini kuwa rehani alirudishe kabla jua halijatua, kwa kuwa ndilo pekee la kujifunikia usiku. Haikuuliza kwanza aliingiaje katika deni. Hilo ni swali la mchana, na mchana tutalishughulikia kwa bidii: kazi, matibabu, nauli ya kurudi nyumbani kwa anayetaka. Lakini usiku una swali lake, nalo halingoji.

Binti yangu wa Toronto, hilo ndilo jibu. Ndiyo, kazi hiyo ina maana huku pia. Fungasheni mifuko yenu, nasi tutafungasha yetu. Na unapompa mtu glavu, muulize jina.

Mwezi huu wa Novemba tunawaombea marehemu wote. Misa ya Dominika ijayo nitaitolea nia mbili: kwa ajili ya wapagazi waliokufa bila kuandikwa majina, ambao mtaa wetu unaitwa kwa kazi yao, na kwa ajili ya mzee wa furushi namba 17, ambaye Mungu anamwita kwa jina lake. Njoni tumwombee.

Nawatakieni juma jema lenye baraka. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Padre wenu